Mtoto kavunjika paja, daktari kasema atawekewa vyuma viwili vya kunyumbuka. Tuelewane hapa

Mlinda Mifupa (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Mimi ni daktari wa upasuaji wa mifupa na sehemu kubwa ya kazi yangu ni watoto. Juzi nilimweleza baba mmoja kwamba mwanawe wa miaka 7, aliyevunjika mfupa wa paja katikati, tutamwekea vyuma viwili vya kunyumbuka ndani ya mfupa. Akaomba avione. Nikampa kimoja cha milimita 3. Akakipinda kwa vidole, akakiachia, kikarudi kilivyokuwa. Akakaa kimya kidogo, kisha akaniuliza, "Daktari, hii si kama spoki ya baiskeli? Ndiyo itambeba mwanangu?"

Swali lake lilikuwa la haki kabisa, na halijibiki vizuri watu wakiwa wamesimama koridoni. Nilikaa naye chini. Nimeona nilete hapa maelezo niliyompa, maana najua wako wazazi wengine wanaotia saini fomu ya upasuaji huku roho haijatulia.

Mfupa wa paja kwa ndani una uwazi kama bomba, humo ndimo unamokaa uboho. Tunapasua ngozi sehemu mbili ndogo juu ya goti, upande wa ndani na upande wa nje, na kutoboa mfupa sentimita 2 hadi 2 na nusu hivi juu ya gegedu la ukuaji. Gegedu hilo ndilo linalorefusha paja la mtoto, kwa hiyo tunapima mahali pake kwa eksirei kabla ya kushika kisu, na hatuligusi. Hapo palipovunjika mara nyingi hatupafungui kabisa. Mfupa unanyooshwa kwa mikono kutoka nje huku tukiangalia kwenye kioo cha eksirei.

Kabla chuma hakijaingia tunakipinda kama upinde wa mshale. Kimo cha upinde kinakaribia mara tatu ya upana wa ule uwazi wa mfupa, na kilele chake kinapangwa kiangukie palepale palipovunjika. Chuma cha kwanza kinasukumwa mpaka karibu na mvunjiko, cha pili nacho vilevile, kisha kimoja baada ya kingine vinavushwa kwenda upande wa juu, karibu na nyonga. Wakati kinapanda, mkono unahisi ncha ikigusa ukuta wa upande wa pili, ikisita, halafu ikiteleza kwa sababu imekunjwa kidogo mithili ya ncha ya skii, ule ubao wa kutelezea kwenye theluji. Ikikataa kuteleza, unazungusha kipini robo, unagonga taratibu. Mlio wa nyundo hubadilika chuma kinapokuwa ndani ya mfupa mzima na kinapokuwa kimepotea kwenye nyama. Sikio nalo linafanya kazi pale.

Sasa nguvu inatoka wapi? Upinde ukiuingiza kwenye bomba nyembamba unalazimika kunyooka, na wenyewe hautaki. Unasukuma ukuta wa mfupa muda wote. Mwenzake yuko upande wa pili anasukuma kwa nguvu ileile. Kila chuma kinaegemea mahali patatu: tundu kilipoingilia, kati kinapobana ukuta, na juu ncha ilipojikita. Mtoto akijigeuza kitandani na mfupa ukataka kulalia upande mmoja, chuma cha upande ule kinapinda zaidi, na kadiri kinavyopinda ndivyo kinavyozidi kurudisha. Misuli ya paja inayouzunguka mfupa inasaidia kuubana. Kwa hiyo kile alichokiona yule baba, chuma kupinda na kurudi, ndiyo kazi yenyewe. Kingekuwa kigumu kisichopinda kisingeweza hata kuingia kwa njia ile.

Jambo la pili, mfupa unabaki na mtikisiko mdogo sana, na mfupa wa mtoto unaupenda. Mtikisiko huo ndio unaoamsha mfupa mpya kuota kwa nje na kuzunguka mvunjiko, na utando wa mfupa wa mtoto ni mnene, una damu ya kutosha. Kwa sababu hatukufungua mahali penyewe, ile damu iliyoganda pale, ambayo ndiyo shina la mfupa mpya, inabaki ilipo.

Njia hii ilikuzwa na madaktari wa watoto wa mji wa Nancy, Ufaransa, mwishoni mwa miaka ya 1970, akiwamo Jean-Paul Métaizeau na Jean Prévot. Mwaka 1988 kundi lao lilichapisha matokeo ya mivunjiko 123 ya paja la watoto. Kabla ya hapo mtoto wa umri wa shule alikuwa akilala wiki nyingi mguu ukivutwa kwa uzito, kisha anafungwa hogo, yaani plasta ngumu. Nimewahi kuwahudumia watoto wa kuvutwa mguu. Wiki ya tatu mtoto anaacha kuongea na watu. Ndiyo sababu jambo hili nalisemea kwa moyo.

Ulizeni.

MamaWawili

Daktari asante sana, umeandika kama vile ulikuwa unanijua. Mwanangu ana miaka 6, kilo 21, aliangukiwa na lango jana. Mguu umewekewa uzito na anasubiri. Wametuambia uchaguzi ni hogo au hivyo vyuma. Baba yake anataka hogo kwa sababu hakuna kukatwa. Mimi nimechanganyikiwa. Picha inaonyesha mfupa umekatika kama mtu aliyekata mua, mara moja.

Mlinda Mifupa

Pole sana mama, na mpe pole kijana. Sijaona picha wala sijamgusa mtoto, kwa hiyo uamuzi ni wa daktari wake. Nitakupa tunavyofikiri.

Hogo la paja si kama la mkono. Linaanzia kifuani au kiunoni, linashuka mguu mzima uliovunjika na mara nyingi nusu ya mguu wa pili. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5 tunalipenda, kwa sababu mfupa wake unaunga haraka na yeye mwenyewe anabebeka. Mchanga wa chini ya miezi 6 hata hilo hahitaji, mikanda laini ya kushika mapaja inatosha. Kuanzia miaka 5 mambo yanageuka. Mtoto ni mzito, kumsafisha ni shida, hogo linachubua ngozi, na ndani yake mfupa unaweza kuteleza ukapishana bila wewe kuona mpaka picha ya wiki ijayo. Miaka 6 na kilo 21, mfupa umekatika moja kwa moja katikati: huyo kwa maelezo yako ndiye hasa aliyetengenezewa vyuma hivi. Baba yake hakukosea, kwa umri huo hogo bado linaweza kuponya mfupa. Ila akae mezani na daktari aulize maswali mawili: mtoto atakaa kwenye hogo wiki ngapi, na mfupa ukiteleza humo ndani mtafanya nini?

Sista Zamu ya Usiku

Naomba niongeze mama, mimi ni muuguzi wa wodi. Usiku wa leo mwambie daktari wa zamu kuhusu maumivu, usione haya. Kuna ganzi inayodungwa juu ya paja karibu na mshipa wa fahamu, mtoto anatulia na misuli inaacha kukaza. Misuli ikikaza mfupa unapishana, mtoto analia, akilia anakaza zaidi.

Angalia vidole vya mguu: viwe na joto, avichezeshe, na ahisi ukimgusa. Vikiwa baridi au akisema vinakufa ganzi, muite mtu saa ileile. Na kabla ya nusu kaputi fuata masaa ya kutokula kama mlivyoambiwa. Nimeona upasuaji ukiahirishwa kwa sababu shangazi mwenye huruma alimpa mtoto maziwa alfajiri.

Fundi Chuma

Daktari, mimi ni mtu wa karakana, hii habari ya upinde imenikaa. Swali: ni chuma gani? Maana kurudi kwa chuma na ugumu wa chuma ni vitu viwili. Na mnajuaje unene?

Mlinda Mifupa

Fundi, umegonga penyewe. Viko vya titaniamu na viko vya chuma kisichoshika kutu. Titaniamu hupinda kirahisi zaidi na kurudi, kwa hiyo inapita vizuri kwenye mfupa. Chuma cha pili ni kigumu zaidi. Wengi tulizoea kuamini titaniamu ndiyo bora kwa kila mtoto, lakini utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2008 ukakuta mifupa iliyounga ikiwa imepinda ni asilimia 23.2 kwa titaniamu na asilimia 6.3 kwa kile kingine. Mimi mtoto akiwa na mwili mkubwa kidogo natumia chuma kisichoshika kutu bila kusita.

Unene tunaupata kwa kupima uwazi wa mfupa pale ulipo mwembamba kuliko kote. Kila chuma kichukue asilimia 40 ya nafasi hiyo, viwili vijaze asilimia 80. Uwazi wa milimita 9, unachukua vya 3.5. Na lazima vilingane. Ukiweka cha 3 upande mmoja na cha 3.5 upande mwingine, kile kinene kitamshinda mwenzake na mfupa utaungia kwenye mpindo. Vilevile urefu wa upinde ukitofautiana. Kosa hili linafanywa na watu wenye haraka, ama kwa sababu seti haikutimia na mtu akaona "kinakaribiana". Hakikaribiani.

Kiguu na Njia

Naheshimu maelezo, ila na mimi nina la kusema. Mpwa wangu alivunjika paja akiwa na miaka 13, kijana wa kilo 62. Hospitali moja wakamwekea hivihivi vyuma viwili vyembamba. Wiki ya tatu paja likaanza kujipinda kwa nje, tunaliona kwa macho. Tukarudi, tukaambiwa litanyooka lenyewe anavyokua. Halikunyooka. Alipasuliwa upya sehemu nyingine, akawekewa chuma kimoja kinene, akapoteza muhula mzima wa shule. Leo anatembea vizuri, lakini nikisikia "vyuma vya kunyumbuka" damu inanichemka.

Mlinda Mifupa

Kaka, una haki ya kukasirika, na asante kwa kusimulia, kwa sababu hapa ndipo uzi wangu wote unapoelekea.

Vyuma hivi havifai kwa kila paja. Vina mipaka yake, na mipaka hiyo inajulikana. Utafiti wa hospitali sita uliochapishwa 2006, watoto 229, ulionyesha kwamba matokeo mabaya yaliwaangukia zaidi waliozidi miaka 11 na waliozidi kilo 49. Upinde una kikomo cha mzigo. Ukizidishiwa hauvunjiki, unalegea na kukubali kupinda, na mfupa unaufuata. Hicho ndicho mlichokiona kwa macho wiki ya tatu. Kijana wa kilo 62 kwa kawaida anahitaji chuma kinene kinachoingilia juu, pembeni ya nyonga, kikafungwa kwa skrubu juu na chini. Tunaingilia pembeni kwa makusudi, si kwenye shina la shingo ya mfupa kama tulivyokuwa tukifanya kwa watu wazima, kwa sababu hapo hupita mishipa ya damu inayolisha kichwa cha mfupa wa paja. Mtoto akikatiwa damu ile, nyonga inakufa, na hilo ni janga kubwa kuliko mvunjiko wenyewe.

Mpaka mwingine ni umbo la mvunjiko. Uliokatika moja kwa moja, kama wa mtoto wa MamaWawili, unasimama juu ya mwenzake kama tofali juu ya tofali. Wa mshazari mrefu, ambao urefu wa mkato wake unafika mara mbili ya unene wa mfupa, unateleza na mguu unafupika. Uliosagika vipande nao hauna cha kusimamia. Hao tunawafikiria bamba refu linalopitishwa chini ya misuli, au chuma kinene kama umri unaruhusu. Vidonda vikubwa vilivyochafuka mara nyingine vinaanza na vyuma vya nje, wengi mnaviita antena.

Na hili la "litanyooka lenyewe" nataka nilisahihishe, kwa sababu lina ukweli nusu. Mtoto wa miaka 6 hadi 10 tunamvumilia mpindo wa nyuzi 10 hivi kwa upande, na 15 kwa mbele au nyuma, kwa sababu ukuaji utazirekebisha. Kijana wa zaidi ya miaka 11 tunamvumilia nyuzi 5 kwa upande, basi. Na mguu uliozungukia, yaani unyayo unaotazama nje au ndani kuliko mwenzake, usitegemee ukuaji uurekebishe. Ndiyo maana kabla sijamwamsha mtoto mezani nazungusha nyonga zote mbili, nalinganisha ule mzima na huu nilioufunga. Ni kazi ya nusu dakika. Ukiikosa pale utaikumbuka miaka.

Mkimbiaji wa Asubuhi

Mimi niliwekewa nikiwa na miaka 9, sasa nina 24 na nakimbia. Kilichonisumbua hakikuwa paja, lilikuwa goti. Upande wa ndani kulikuwa na kitu kama punje ya mahindi chini ya ngozi, nikikunja goti kinachoma, nikiacha kukunja goti linakakamaa. Mama alidhani chuma kinatoka. Je hii ni kawaida?

Mlinda Mifupa

Ndiyo, na ndilo tatizo linalotokea zaidi ya yote katika upasuaji huu. Ile ni ncha ya chuma tunayoiacha nje ya mfupa ili siku ya kukitoa tuwe na pa kukishika. Tunabakiza sentimita 1 hadi 2, ilale sambamba na mfupa. Ikiachwa ndefu, au ikipindwa kuelekea nje kwa nia ya kurahisisha kuitoa, inachoma ngozi, na mara chache inatoboa. Ikikatwa fupi mno, mwaka ujao mtoto atafunguliwa kidonda kirefu kuitafuta. Mimi huigusa kwa kidole goti likiwa limekunjwa kabla ya kushona. Nikiisikia, naisukuma ndani tena.

Mzazi akiona ngozi pale inang'aa, inakuwa nyekundu au inatoa maji, asisubiri siku ya kliniki.

MamaWawili

Wapendwa, narudi na habari. Baba yake alisoma uzi huu wote usiku, akaenda akauliza yale maswali mawili, akatia saini mwenyewe. Amefanyiwa leo. Daktari alituonyesha picha, vyuma viwili vimepishana kama mkasi juu na chini, mfupa umekaa katikati yake. Ameamka analia njaa. Sasa nina hofu mpya: ataanza kukanyaga lini? Na nimesoma mahali mguu uliovunjika unarefuka kuliko mwingine, ni kweli?

Mlinda Mifupa

Mama, nimefurahi mno. Alie njaa tu.

Kukanyaga, fuata aliyempasua. Kwa mvunjiko wa namna yake, wengi tunamsimamisha na magongo siku chache baadaye, mguu ukigusa sakafu bila kubeba. Picha ikionyesha mfupa mpya, kwenye wiki ya 3 au ya 4, anaongezewa uzito taratibu. Goti lianze kukunjwa mapema, kesho ikiwezekana. Mwombe mtaalamu wa mazoezi ya viungo akufundishe wewe, kwa sababu ndiye wewe utakayekuwa naye asubuhi na jioni.

Kurefuka ni kweli. Mvunjiko unaleta damu nyingi kwenye mfupa, na gegedu la ukuaji linapata chakula kuliko kawaida. Watoto wa miaka 2 hadi 10 mguu unaweza kuzidi kwa sentimita 1 hivi, na wengi hawaoni tofauti yoyote katika kutembea. Lakini aendelee kupimwa urefu wa miguu hata baada ya mfupa kuunga, msikimbie kliniki kwa sababu mtoto anaruka.

Sista Zamu ya Usiku

Na kumbuka mama, kumgeuza kitandani shika paja na goti kwa pamoja, usivute kwa kisigino. Homa ndogo ya siku mbili za kwanza si ajabu, ila ikizidi hapo au kidonda kikinuka, rudini.

MamaWawili

Wiki ya 6 leo. Picha imetoka, pale palipokatika pamezungukwa na mfupa mpya, unene kama fundo la kamba. Daktari ameruhusu akanyage mguu wote. Kukunja goti alikuwa anakataa wiki mbili za mwanzo, tukawa tunaweka mpira chini ya unyayo wake ukingoni mwa kitanda, anauvuta na kuusukuma, akasahau kwamba ni zoezi. Leo asubuhi magongo ameyaacha mlangoni akaenda bafuni peke yake. Baba yake alisimama koridoni anamwangalia, hakumwita.

Swali la mwisho: vyuma vinatoka lini, na lazima?

Mlinda Mifupa

Ule mpira nitawafundisha wazazi wangu wa kliniki.

Kwa kawaida kati ya miezi 6 na 12, picha ikionyesha mfupa umeungana pande zote na ile mistari ya mvunjiko haionekani. Wapo wanaoviacha visipomsumbua mtoto. Mimi kwa mtoto mdogo napendelea vitoke, kwa sababu mfupa unaendelea kurefuka na kunenepa, na chuma kilichozikwa ndani ya mfupa uliokua ni kazi ngumu kukitafuta akiwa na miaka 15. Ni upasuaji mfupi kupitia makovu yaleyale, wengi wanarudi nyumbani siku hiyohiyo. Baada ya kutolewa asicheze mpira wala kuruka kwa wiki 4 hadi 6, mpaka yale matundu mawili yazibe.

Weka tarehe ya miezi 6 ukutani, na siku hiyo uje na picha zote, ile ya kwanza pia.